José Antonio Gutierrez: mzamiaji kutoka Guatemala aliyepewa uraia wa Marekani baada ya kufa Iraq

#1 – Mleta mada

Ndugu wanajamvi, kila vita vya Iraq vinapotajwa, majina yanayorudi midomoni ni yaleyale ya marais, majenerali na Saddam Hussein. Naomba leo tumzungumzie mtu wa cheo cha chini, ambaye habari zake zilivuma kwa muda mfupi mwaka 2003 kisha zikafunikwa na habari nyingine za vita ile.

Lansi koplo José Antonio Gutierrez wa kikosi cha Marine cha Marekani aliuawa tarehe 21 Machi 2003 karibu na Umm Qasr, mji wa bandari ulioko kusini mwa Iraq, jirani kabisa na mpaka wa Kuwait, wakati majeshi ya ardhini yalikuwa ndiyo kwanza yamevuka mpaka huo. Siku hiyohiyo Luteni Therrel Shane Childers alipigwa risasi kwenye eneo la visima vya mafuta vya Rumaila, na hao wawili wakahesabiwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kabisa kufa mapiganoni katika vita ile. Lakini mmoja wao hakuwa Mmarekani. Gutierrez alikufa akiwa raia wa Guatemala mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, yaani ile grinikadi ambayo ndugu zetu wengi wanaihangaikia.

Alizaliwa katika nchi iliyokuwa vitani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala vilianza mwaka 1960 na kumalizwa na mkataba wa amani wa Desemba 1996, na tume ya ukweli iliyofanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 1999 kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au walichukuliwa wasionekane tena. Gutierrez alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, akabaki na dada yake, na sehemu kubwa ya utoto wake ikaishia mitaani katika Jiji la Guatemala, hadi alipopokelewa na Casa Alianza, shirika linalohudumia watoto wasio na makao.

Asiyeijua Guatemala ya miaka ile anaweza kudhani kwamba mtoto wa mitaani alikuwa akiogopa njaa na baridi. Alikuwa akiogopa polisi. Mwezi Juni 1990 vijana watano wa mitaani waliuawa na polisi katika jiji hilo, na wanne kati yao waliteswa kwanza. Casa Alianza na wenzao walilifikisha suala hilo hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo mwaka 1999 ilitamka kwamba serikali ya Guatemala ilihusika na ilikiuka haki ya vijana wale ya kuishi. Hiyo ndiyo mitaa ambayo Gutierrez alikulia.

Aliondoka kwa njia ambayo vijana wa Amerika ya Kati wanaitumia hadi leo, yaani kudandia treni za mizigo kutoka kusini mwa Meksiko kuelekea kaskazini. Treni hizo hazina nafasi ya abiria. Mtu hukaa juu ya paa la behewa au hujibana kwenye nafasi iliyo kati ya behewa na behewa, hujifunga kwa mkanda wa suruali ili asianguke akisinzia, na wakati wote anavizia majambazi na askari wa uhamiaji. Waliokatwa miguu na magurudumu yake ni wengi kiasi kwamba wasafiri wenyewe wameipa jina la La Bestia, yaani Mnyama.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Magazeti yaliyotangaza kifo chake yaliandika kwamba alikuwa na umri wa miaka 22. Kumbukumbu za kwao zilionesha kwamba alizaliwa mwaka 1974, maana yake alikufa akiwa na miaka 28. Tofauti hiyo ilitokana na maneno yake mwenyewe, kwa sababu alipofika Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 aliwaambia wenye mamlaka kwamba yeye bado ni mtoto. Mtu mzima aliyezamia hurudishwa kwao, lakini mtoto asiye na wazazi anaweza kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama, akapewa familia ya kumlea, na sheria ya mwaka 1990 inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Gutierrez akawa mtoto. Mwanamume aliyepita miaka ishirini, aliyeshalala vichochoroni na juu ya mabehewa, akakaa darasani katika shule ya sekondari ya mji wa Torrance, karibu na Los Angeles, akajifunza Kiingereza pamoja na vijana wadogo kuliko yeye, akacheza nao mpira, na kurudi jioni kwenye nyumba ya familia iliyomlea. Alimaliza shule mwaka 2000, akaanza masomo ya chuo, na ndoto aliyowasimulia waliomjua ilikuwa kuwa msanifu wa majengo.

Alijiunga na Marine mwaka 2002. Waliomlea walisema alitaka kulipa fadhila kwa nchi iliyompokea akiwa hana kitu. Siwezi kulipinga hilo, ingawa ni wazi pia kwamba jeshi humlipia askari ada ya chuo na humfungulia njia fupi ya uraia.

Taarifa za mwanzo zilisema kwamba aliuawa na adui. Baadaye ikafahamika kwamba risasi zilizomuua zilitoka upande wake mwenyewe. Tarehe 2 Aprili 2003, siku chache baada ya kifo, serikali ya Marekani ilimtangaza kuwa raia, yeye pamoja na Jose Garibay, kijana wa miaka 21 mzaliwa wa Meksiko aliyeuawa Nasiriyah tarehe 23 Machi. Kardinali Roger Mahony wa Los Angeles, aliyeongoza misa ya mazishi ya Gutierrez, alisema hadharani kwamba kuna kasoro kubwa katika sera ya uhamiaji ikiwa inalazimu mtu afe vitani ndipo apate uraia. Mwili wake ukarudishwa Guatemala kuzikwa.

Maoni yangu ni haya, na ninayaleta ili yajadiliwe. Waliomsifu walimfanya mzalendo, na waliomhurumia walimfanya mhanga asiyejua alichofanya. Mimi naona mtu aliyekuwa na akili ya kusoma mlango. Kila alipofika palikuwa na mlango unaofunguka kwa mtu wa aina moja tu, naye akawa mtu wa aina hiyo: mtoto mbele ya idara ya uhamiaji, mwanafunzi mbele ya walimu, askari mbele ya serikali. Mlango wa mwisho ulifunguka alipokuwa amekufa, na huo hakuwa ameuomba yeye.

#2

Nakushukuru, ndugu mleta mada. Mimi ni Mkenya ninayeishi Marekani, na ninao jamaa wanaovaa sare za jeshi la huku, kwa hiyo niruhusu niongeze maelezo ambayo huenda walioko nyumbani hawana.

Asiye raia anaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani kama askari wa kawaida, mradi awe na ukaazi wa kudumu. Haruhusiwi kuwa afisa, na kazi zinazohitaji kibali cha kuona siri za serikali hapewi, ndiyo maana wengi huishia kwenye vikosi vya mstari wa mbele, jikoni, stoo, na kwenye karakana za magari. Wakati vita vya Iraq vinaanza, idadi iliyokuwa ikitajwa ni kama wanajeshi 37,000 wasio raia waliokuwa kazini.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba kisheria Gutierrez hakuhitaji kufa. Tarehe 3 Julai 2002 Rais George W. Bush alitia saini amri iliyowaruhusu wanajeshi wasio raia waliokuwa kazini tangu tarehe 11 Septemba 2001 kuomba uraia mara moja, bila kusubiri ile miaka mitatu ya utumishi iliyokuwa ikitakiwa wakati wa amani. Kikwazo kilikuwa kwenye utekelezaji. Maombi yalikuwa na ada, yalichukua miezi mingi, na usaili pamoja na kiapo vilifanyika ndani ya Marekani peke yake, wakati mwombaji anaweza kuwa ameshapakiwa melini kuelekea Kuwait. Ni baada ya vifo vya mwaka 2003 ndipo Bunge lilipopitisha sheria, iliyotiwa saini Novemba 2003, ambayo iliondoa ada, ilipunguza utumishi wa wakati wa amani kutoka miaka mitatu hadi mwaka mmoja, na kuruhusu kiapo kifanyike hata nje ya nchi kuanzia Oktoba 2004.

Kuhusu kulipa fadhila, naomba tusilichukulie kama maneno ya msibani tu. Nimewasikia vijana wetu wakilisema hilo wakiwa hai na wenye afya, na wanalisema kwa dhati, huku wakijua vilevile hesabu ya ada ya chuo. Mambo hayo mawili hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

#3

Mkuu, uzi umeandikwa vizuri, lakini mimi sitapiga makofi. Umetaja Umm Qasr kama mahali alipofia Gutierrez tu. Pale palikuwa na watu. Walikuwepo wakazi, wavuvi na wafanyakazi wa bandari ambao hawakuwa wamemkosea mtu yeyote wa Guatemala wala wa California, na vita vile vilianzishwa kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Kijana aliyekimbia bunduki za serikali ya kwao alibeba bunduki akaingia nayo katika nchi ya watu wengine. Umaskini unaeleza kwa nini alikwenda, lakini haumwondolei wajibu.

Tena lazima isemwe kwamba palikuwa na njia nyingine. Camilo Mejía, mzaliwa wa Nicaragua, naye alikuwa sajini asiye raia katika jeshi hilohilo. Alikwenda Iraq mwaka 2003, akarudi likizo mwezi Oktoba, akakataa kurudi vitani. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja mwezi Mei 2004, na shirika la Amnesty International likamtambua kuwa mfungwa wa dhamiri. Mbona huyo hafunguliwi uzi?

#4 – Mleta mada

Ndugu yangu wa #3, hoja ya wakazi wa Umm Qasr naipokea yote, na sikumwita Gutierrez shujaa mahali popote. Sitaki pia kuwafanya watu wa Iraq kuwa mandhari ya nyuma katika hadithi ya mtu aliyefanywa Mmarekani siku kumi na mbili baada ya kifo.

Ila mfano wa Mejía naomba uutazame tena. Mejía aliishi ndani ya vita vile kwa miezi kadhaa, akaona wafungwa wanavyotendewa, akaona raia wanavyopigwa risasi kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe ni mambo hayo yaliyomgeuza. Alikwenda kwanza, akakataa baadaye. Gutierrez alikufa mwanzoni kabisa mwa vita. Hatujui angekuwa nani mwezi Oktoba, na ndiyo sababu nasita kumpa hukumu ile ambayo Mejía mwenyewe angeipata kama angeuawa wiki ya kwanza.

Yuko pia Jesus Suarez del Solar, aliyezaliwa Tijuana, aliyekufa tarehe 27 Machi 2003 akiwa na miaka 20 baada ya kukanyaga bomu la mtawanyiko lililoangushwa na Wamarekani wenyewe. Baba yake, Fernando Suarez del Solar, alitumia miaka iliyofuata kuzunguka mashuleni akiwaonya vijana wa Kilatino juu ya ahadi za waandikishaji wa jeshi. Kwa hiyo hata kati ya waliofiwa, kumbukumbu haikuwa moja. Wengine waliipokea bendera iliyokunjwa wakashukuru, na wengine waliipokea wakaenda kupinga vita.

#5

Shikamooni wakubwa, na poleni kwa kuwaingilia. Kwa sisi Watanzania mada hii haiko mbali sana, kwa sababu Januari 2023 tuliupokea mwili wa Nemes Tarimo.

Kwa mujibu wa taarifa ya Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Dkt. Stergomena Tax, kijana huyu alikwenda Urusi mwaka 2020 kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha teknolojia cha Moscow. Machi 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la jinai. Akiwa gerezani alipewa fursa ya kujiunga na Wagner, kundi la Urusi la askari wa kukodiwa, kwa ahadi ya kuachiwa huru, akakubali, na tarehe 24 Oktoba 2022 akauawa Ukraine. Mzambia Lemekani Nyirenda, mwanafunzi wa umri wa miaka 23, alipita njia hiyohiyo kutoka gereza la Urusi, naye akafa Ukraine Septemba 2022.

Ninayasema haya kwa sababu mleta mada ameandika kuhusu milango. Hata huko Urusi karatasi iliyoahidiwa ilikuwa nzuri: msamaha, jina safi, maisha mapya. Wagner nao walisambaza picha za heshima walizompa marehemu, mishumaa, picha yake na nishani, wakati hapa nyumbani familia ilikuwa bado inasubiri mwili.

#6

Dada wa #5, kwa heshima zote, mlinganisho huo hauko sawa. Gutierrez alikuwa huru, alikuwa na chuo, alikuwa na familia iliyompenda, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya waandikishaji. Tarimo alichagua kati ya miaka saba ya gereza na vita. Ukiwaweka kwenye fungu moja unamwonea mmoja na kumpamba mwingine.

Swali langu kwa mleta mada au kwa ndugu wa #2: yule dada yake Gutierrez aliyebaki Guatemala, uraia ule ulimpa haki gani? Maana kama mtu ni raia, ndugu zake huwa wana njia ya kuomba.

#7 – Dada wa #5

Nakubali kuhusu uhuru wa kuchagua, na sikukusudia kusema ni kesi moja. Nilichotaka kionekane ni kwamba nchi zote mbili zilikuwa na haraka ya kumpa mgeni heshima alipokuwa maiti kuliko alipokuwa hai. Hapo sioni tofauti kubwa, ingawa mmoja alitoka darasani na mwingine kizuizini.

#8 – Mkenya wa #2

Swali la ndugu wa #6 ni zuri, na jibu lake ni chungu kidogo. Sheria ya uraia baada ya kifo, iliyopitishwa mwaka 1990, ilitoa uraia wa heshima peke yake. Karatasi ilikwenda kwa familia, lakini jamaa hawakuweza kuitumia kuomba kitu chochote cha uhamiaji. Sheria ile ya Novemba 2003 niliyoitaja ndiyo iliyofungua haki kwa jamaa wa askari aliyefariki, nayo imewataja kwa wazi: mke au mume, watoto, na wazazi. Ndugu wa kuzaliwa naye hawamo. Kwa yatima aliyebakiwa na dada, unaona mwenyewe sheria hiyo imemfaa kiasi gani.

Na kwa kuwa najua wapo wanaousoma uzi huu wakiwa na fomu mezani, niongeze la leo. Kati ya mwaka 2009 na 2016 palikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowachukua jeshini hata watu wenye viza za masomo au za kazi bila grinikadi, mradi wajue lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha hiyo. Zaidi ya watu 10,000 waliingia kwa njia hiyo, wakiwemo Wakenya na Watanzania. Wengi walikula kiapo cha uraia mwishoni mwa mafunzo ya awali, utaratibu uliokuwa umeanza mwaka 2009 kwenye jeshi la nchi kavu na kufika kwa Marine mwaka 2013. Kisha MAVNI ikasimamishwa, na Oktoba 2017 wizara ya ulinzi ikaweka masharti mapya yaliyomtaka askari asiye raia atumikie angalau siku 180 kabla ya kupewa cheti cha kuombea uraia. Mahakama moja ya Washington iliyatengua masharti hayo mwaka 2020, lakini katikati hapo wapo walioajiriwa kwa ahadi moja na kukuta ahadi nyingine.

Kwa hiyo anayekwenda kuonana na mwandikishaji aulize mambo matatu na kutaka jibu la maandishi: cheti cha kuombea uraia kitatolewa lini, nani atakisaini, na kama kikosi kitasafirishwa kabla ya kiapo, maombi yake yatafuatwa na ofisi ipi. Mwandikishaji akijibu kwamba mambo hayo yatajulikana mbele ya safari, arudi nyumbani na fomu yake kwanza.

#9

Mimi wa #3 nimesoma yote. Bado nasimama na watu wa Umm Qasr. Lakini ile habari ya mwanamume mzima kukaa darasani na watoto kwa miaka, akifanya mazoezi ya Kiingereza na kuficha umri wake kila siku, sikuwa nikiijua, na nakiri kwamba inanipa shida kumwita mvamizi kwa wepesi nilioutumia pale juu.

#10 – Mleta mada

Hilo linatosha, mkuu, na wala usimbadilishie jina kwa ajili yangu. Ndugu wa #2, ukipata nafasi fungua uzi wa peke yake kuhusu yale masharti ya siku 180, kwa sababu vijana wanaouliza habari za jeshi la Marekani humu ni wengi, na maswali yao hayatapata nafasi ya kutosha chini ya jina la marehemu.